Smart, smati, simati: maswali ninayoulizwa kila siku kuhusu neno hili

Nafundisha tuisheni ya kiingereza jioni hapa Mwanga, Kigoma, wanafunzi wangu ni mchanganyiko, kuna wa kidato cha nne, kuna wanaorudia mtihani, kuna madereva boda na akina mama wanaouza vitenge, na kuna neno moja haipiti wiki sijaulizwa. Nimeona niweke majibu sehemu moja, atakayeuliza tena namtumia hii. Nimeandika vile vile ninavyoongea darasani kwahiyo msinikagulie nukta na mkato.

Ticha, smart ni nguo au akili?

Yote mawili, inategemea anayeongea ni nani na anaongelea nini. Mwingereza akisema mtu ni smart mara nyingi anamaanisha kavaa vizuri, nadhifu, katulia. Mmarekani akisema hivo hivo anamaanisha huyo mtu ana akili. Sisi Tanzania kiingereza tulikipata kwa Waingereza, ndo maana kuanzia Gungu mpaka Ujiji ukisema "leo uko smati" kila mtu anaangalia shati limechomekewa au halijachomekewa, pasi imekaa, kiatu kinang'aa. Ila msikariri kwamba nchi hii ni nguo na nchi ile ni akili, kwasababu Waingereza nao siku hizi wanaitumia sana kwa akili na Wamarekani nao wanaitumia kwa nguo, mara chache chache tu.

Njia rahisi ni kuangalia neno linalofuata. Smart uniform, smart suit, smart shoes hapo ni mavazi. Smart idea, smart question, smart decision hapo ni akili. Ugumu unabaki kwenye smart boy au smart girl, hiyo mpaka usikilize maongezi yote yalianzia wapi.

Mbona dikshenari inasema smart ni maumivu? Wamekosea?

Hawajakosea, na hili ndo swali nalipenda kuliko yote. Maumivu ndo maana ya kwanza kabisa, hizo za nguo na akili zimekuja nyuma sana.

Kwenye kiingereza cha kale, kile cha kabla hata ya mwaka 1100, kulikuwa na kitendo smeortan, maana yake kuuma, kuwasha, kutoa maumivu ya kuchoma. Sifa yake ilikuwa smeart, kitu kinachouma. Hayo ni maneno ya ukoo mmoja na kijerumani na kidachi, yaani lugha ya Uholanzi. Mjerumani mpaka leo maumivu anaita Schmerz, na hao Wajerumani ndo waliotuletea reli ikafika hapa Kigoma mwaka 1914 na ndo waliounda ile meli tunayoiita Liemba, kwahiyo huyu ndugu yake smart ameshatamkwa sana hapa stesheni kabla mwingereza hajaja na smart yake. Mdachi yeye neno smart analo, herufi zile zile, lakini kwake maana yake ni huzuni, uchungu wa moyoni, na ile miziki ya kulialia mapenzi wanaiita smartlap. Ukimwambia mdachi wa kijijini kwamba una smart kwa kidachi atakupa pole.

Sasa sikieni hii. Watu wengi wanahangaika kutafsiri hicho kitendo, to smart, wanaandika "kuumwa", wengine "kuhisi vibaya". Kiswahili kina neno lake kabisa na linakaa pale pale: kuchonyota. Una kidonda kibichi halafu chumvi imeingia, hayo maumivu ya ghafla, membamba, yanayokuchoma mpaka unavuta pumzi kwa meno, hayo siyo kuuma tu, hiyo ni kuchonyota. Mkoa wetu una Uvinza, watu wamechemsha chumvi pale karne na karne, hakuna mtu wa huku anayehitaji kuelezewa chumvi kwenye kidonda inafanyaje. My wound is smarting, kidonda kinanichonyota. Mwanafunzi wa Kigoma asishindwe hilo swali hata siku moja.

Sawa, lakini imekuwaje maumivu yakageuka akili? Haviendani

Vinaendana sana, na ushahidi upo mdomoni mwako mwenyewe kila siku. Chukua neno kali. Pilipili kali, inawasha. Kisu kikali, kinakata. Jua kali, dawa kali, mbwa mkali, mwalimu mkali. Afu hapo hapo unasema "dogo ni mkali wa hesabu", "ametupia pamba kali", "gari kali". Umetoka kwenye kuwasha ukafika kwenye akili na nguo bila kubadilisha neno, na hakuna aliyekushangaa! Timu ikicheza vizuri tunasema imeonyesha makali yake. Wabantu wa huku na waingereza wa kule hawakukaa kikao, ila wote waliona kwamba kitu chenye makali kinaingia haraka, na akili nzuri nayo inaingia haraka.

Kwa kiingereza safari ilikuwa hivi. Mwanzo pigo smart lilikuwa pigo linalouma, fimbo au mjeledi. Pigo linalouma ni lile la nguvu na la haraka, lililopigwa taratibu haliumi, kwahiyo taratibu neno likahamia kwenye nguvu na wepesi wenyewe, na karibu mwaka 1300 tayari smart ilikuwa inatumika kwa mtu au kitu chenye kasi na uchangamfu. Maana hiyo ipo hadi leo, at a smart pace ni mwendo wa haraka. Halafu wepesi wa mwili ukawa wepesi wa mdomo na wa kichwa, jibu linalomchoma mwenzako, mtu anayeshika jambo papo hapo, na kufikia miaka ya 1600 smart ikawa pia mwenye akili. Shakespeare kwenye Hamlet, tamthilia ya karibu mwaka 1600, anamuonyesha mfalme Claudius aliyemuua ndugu yake, anasikia maneno ya mtu mwingine anajisemea pembeni kwamba maneno yale yameichapa dhamiri yake mjeledi smart. Pale bado ni ule mjeledi unaouma, kwahiyo muelewe kwamba maana mpya ilipozaliwa ya zamani haikufa, ziliishi nyumba moja miaka mingi.

Kiingereza kina na sharp, nayo hivo hivo, sharp knife, sharp mind, sharp suit.

Na nguo ziliingilia wapi?

Mwanzoni mwa miaka ya 1700. Mtu mwepesi, mchangamfu, mkakamavu, anaonekana kwa macho, hajalegea, hajaachia shati, basi neno likahama kutoka kwenye uchangamfu wake likaenda kwenye muonekano wake. Waliopita JKT pale Bulombora wataelewa haraka, ukakamavu na unadhifu kule havitenganishwi, kombati imenyooka na salamu imenyooka ni kitu kimoja.

Kiswahili hatuna neno letu la smart mpaka tuseme smati?

Tunayo mengi mpaka naumia tukiyaacha. Mtanashati, huyo ni smati kabisa na neno lenyewe linapendeza kulitamka. Nadhifu, ila nadhifu inaegemea usafi zaidi. Maridadi, hapo kuna urembo na kujipenda. Mlimbwende, anayefuata fasheni. Kitendo kipo pia, kujikwatua. Mtaani wazee wetu walisema brazameni, miaka fulani ikaja sharobaro, sahivi kapigilia, katupia.

Upande wa akili ndo usiseme. Mwerevu, mahiri, hodari, mjuzi, mwenye akili, mwepesi wa kuelewa, na shuleni wanaita kipanga au kichwa. Mjanja nalo lipo lakini naliwekea alama, nitasema kwanini chini.

Smati siikatazi. Imeshaingia, imeota mizizi, na ina kazi yake, maana "mtanashati" wengi wanamsemea mwanaume tu wakati smati unasema kwa mtu yeyote, na hata ofisi unaweza kusema iko smati. Ninachotaka ni mtoto azijue zote, ili akiandika insha asirudie smati mara kumi na mbili.

Inaandikwaje, smart, smati au simati?

Ukiwa kwenye sentensi ya kiswahili andika smati. Imepita njia ile ile iliyopita shirt ikawa shati na coat ikawa koti, tunaweka irabu mwisho ili neno lipumzike. Wazee wengi wanatamka simati kwasababu sm mwanzoni mwa neno ni ngeni kwa ulimi wetu, siyo kosa na msiwacheke, ulimi unafuata sheria ya lugha yake. Haibadiliki na ngeli, kijana smati, vijana smati, nguo smati, na ukitaka jina la hiyo hali sema usmati.

Matamshi ya kiingereza, mwingereza wa London r haisikiki, ni kama smaat, mmarekani anaikunja hiyo r inasikika. Yoyote sawa, ila usichanganye mbili kwenye sentensi moja.

Mwalimu akiniambia "you are not smart" kanitukana?

Hili ndo limenifanya niandike ukurasa huu wote.

Nilikuwa na kijana mmoja kwenye tuisheni, baba yake anavua dagaa, na yeye usiku mwingine anaenda ziwani kumsaidia, asubuhi anaunganisha shule. Siku moja mstarini kwenye shule moja ya huku mtu mzima alimwangalia akamwambia mbele ya wenzake you are not smart. Shati lilikuwa nje, kifungo kimoja hakipo, kiatu kimechanika. Aliyemwambia alimaanisha shati. Kijana yeye alikuwa anaangalia sana muvi za kimarekani, alisikia kwamba hana akili, na akaamini, kwasababu aliyesema ni mtu anayejua kiingereza kuliko yeye. Alikaa siku nne haji kwangu, nikaenda kumtafuta Kibirizi nikamkuta anaanika dagaa, ndo akanieleza, tena kwa sauti ya chini kabisa, ticha mimi nimeshaambiwa sina akili.

Nilimkalisha pale pale kwenye ukingo wa mtumbwi nikamueleza haya yote mnayosoma hapa, neno lilikotoka, lilivyogawanyika, na kwamba mstarini lilitumika kwa nguo. Na nikamwambia na lingine, kwamba hata kwa nguo lilikuwa limetumika vibaya, mtu aliyevuta nyavu usiku kucha na bado akafika mstarini kwa wakati huyo ni mkakamavu, na ukakamavu ndo mama wa hiyo smart ya nguo. Alirudi. Ni mkali wa kiingereza sasahivi kuliko wengi waliochomekea.

Kwahiyo jibu: kwenye shule zetu mara nyingi ni nguo, uliza kwa heshima "shikamoo mwalimu, unamaanisha sare yangu?" Na nyie walimu wenzangu nawaomba, kama ni shati sema shati. Your shirt is out, tuck it in. Maneno machache tu na hakuna mtoto atakayelala njaa ya moyo kwa ajili yake.

Mgeni wa Kimarekani kaniambia you're so smart, nilijibu asante nguo nimeshona hapa hapa Mwanga, nimekosea?

Ulikuwa na adabu, hujakosea kitu. Alisifia kichwa chako, labda ulimueleza jambo likamuingia. Jibu thank you tu, linatosha kwa maana zote mbili.

Kadi ya harusi imeandikwa smart casual, nivae nini?

Ni katikati ya suti na nguo za kushindia nyumbani. Mwanaume shati lenye kola, suruali ya kitambaa au jinzi nyeusi isiyochanika, kiatu cha kufunika, koti ukitaka, tai siyo lazima. Mwanamke gauni au sketi na blauzi iliyotulia. Kandambili hapana, jezi ya timu hapana. Kwa hapa kwetu shati la kitenge kizuri kilichotoka ng'ambo ya ziwa, limeshonwa na fundi anayejua kupima bega, linatosha kabisa na linapendeza kuliko koti la mtumba lisilokutosha.

Kwanini simu inaitwa smart? Na "simu janja" ni tafsiri sahihi?

Hapa neno lilitoka kwa mtu likaenda kwa kitu. Kitu kinachofanya kazi kama kina akili yake kikaanza kuitwa smart, na mapema kabisa ilikuwa kwenye vita, yale mabomu ya Marekani yanayoongozwa kwa mwanga wa leza, yaliyotumika sana Vietnam mwaka 1972, yaliitwa smart bombs kwasababu yanafuata shabaha. Yaani hata huko lilianzia kwenye maumivu. Kadi yenye chipu, kama hii ya benki, hati miliki yake iliwekwa mwaka 1974 na Mfaransa Roland Moreno, nayo baadae ikaitwa smart card. Mwaka 1994 IBM ikauza simu iliyoitwa Simon, ina skrini ya kugusa na unaweza kutuma barua pepe, jina la smatifoni likashika miaka iliyofuata, na iPhone ilipotoka 2007 dunia nzima ikalizoea. Sahivi ni runinga, saa, mita, hadi balbu.

Simu janja inaeleweka na imeshakubalika magazetini, mi naitumia. Ila janja ina kivuli chake. Ukisema "yule ni mjanja" kwa sauti fulani watu wanashika mifuko yao. Kwahiyo kwa simu sina shida, simu haina roho, lakini ukitafsiri a smart child kama mtoto mjanja mzazi wake anaweza asifurahi, andika mtoto mwerevu. Kwa kuongea tu watu wa huku wanasema simu kubwa au simu ya kutachi, na ile nyingine kitochi, na wote tunaelewana.

Smart inaweza kuwa mbaya?

Ndio, na hapo ndo inakutana na mjanja na mjuaji. Don't get smart with me, anaambiwa mtoto anayejibizana, sawa na mama kusema usiniletee ujuaji. Smart aleck ni mjuaji wa kila kitu. To outsmart somebody ni kumzidi akili mtu, inaweza kuwa nzuri au mbaya inategemea umemzidi kwa lipi. Ukiangalia vizuri haya yote yana lile jibu linalochoma, uchungu wa zamani haujaisha ndani ya neno.

Kwenye semina ya shirika walisema malengo yawe smart, ni smart hii hii?

Herufi ni hizo ila hapo kila herufi inasimama peke yake. Mwaka 1981 Mmarekani George Doran aliandika makala kwenye jarida la mameneja akapanga hizo herufi tano: lengo liwe mahususi (specific), lipimike (measurable), liwe na mtu aliyekabidhiwa (assignable), liwe la uhalisia (realistic), na liwe na muda (time-related). Baadae watu wakabadilisha baadhi ya herufi, ile ya mtu aliyekabidhiwa wengi wameigeuza kuwa lengo linalofikika (achievable), ndo hiyo mnayofundishwa kwenye projekti nyingi za huku Kasulu na Kibondo. Binafsi naona walipoteza kitu cha maana, lengo lisilo na mtu wa kulishika linabaki kwenye karatasi.

Na lile gari dogo la viti viwili linaloitwa Smart, lililotoka 1998, nalo ni herufi: S ya Swatch wale wa saa, M ya Mercedes, halafu art, sanaa.

Kwenye Biblia ya kiingereza kuna smart?

Ipo. Biblia ya King James ya mwaka 1611, Mithali 11:15, inasema mtu anayemdhamini mgeni shall smart for it. Ukisoma kwa akili ya leo unadhani anayemdhamini mgeni atakuwa mwerevu, wakati ni kinyume kabisa, ataumia, na Biblia yetu ya kiswahili imeliweka hivo hivo, ataumia. Mwanafunzi wangu mmoja, mama wa kikoba, aliposikia hii alinyamaza kidogo akasema hiyo kweli imeandikwa kwa ajili yangu, alikuwa amemdhamini mtu mkopo na mtu kahama.

Ni more smart au smarter?

Smarter, na smartest. Namna ya kufanya ni smartly, smartly dressed. Usmati ni smartness. Wamarekani wana na smarts yenye s, ni akili yenyewe, street smarts ni akili ya mtaani.

Mi nabanika migebuka, moshi unaniwasha macho kutwa, naweza kutumia smart?

Mama, wewe ndo unaitumia kwa maana yake ya kwanza kabisa. My eyes are smarting from the smoke, macho yananiwasha kwa moshi. Ya jana sema my eyes smarted all night. Usiseme my eyes are smart, hapo utakuwa umesema macho yako yamevaa vizuri au yana akili.